Daftari la Chifu

Kambi ya chifu wetu ilikuwa juu kidogo ya soko, pale kahawa inapoishia na majani chai yanapoanza, kwenye miinuko ya Embu inayopanda hadi msitu wa Mlima Kenya. Ilikuwa ofisi ya mabati yenye mlingoti wa bendera, seli ndogo nyuma, na benchi moja chini ya mkaratusi. Watu walikwenda pale kwa haja za kawaida: barua ya kuombea kitambulisho, ugomvi wa mpaka wa shamba, faini ya chang'aa. Kuanzia Agosti 1982 haja nyingine ikaongezeka. Wanafunzi wa chuo kikuu wa lokesheni yetu, ambao wote ungewahesabu kwa vidole, walitakiwa kufika pale kila wiki na kutia sahihi katika daftari, ili serikali ijue kwamba wako nyumbani na hawafanyi lolote.

Mmoja wao alikuwa kaka yangu, mwana wa baba mkubwa, aliyekuwa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Nairobi akisoma historia. Mimi nilikuwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni ya wasichana huko Meru. Likizo ya Agosti hiyo mama alinituma nimsindikize kambini kila alipokwenda. Aliamini kwamba askari hampigi ovyo mtu aliyeandamana na mtoto wa shule, na sidhani kwamba alikuwa na ushahidi wowote wa jambo hilo.

Uhuru wa wasomi ukitajwa nchini mwetu, watu hukumbuka Nairobi: wahadhiri waliotiwa kizuizini, mabomu ya machozi kwenye barabara za chuo, vyumba vya mateso vya Nyayo House. Yote hayo yalitokea, na waliopitia wameyaandika. Mimi nilikutana na uhuru huo, au tuseme nilikutana na kukosekana kwake, mbali na Nairobi, kwenye benchi ile, mbele ya mtu aliyeacha shule akiwa darasa la nne na ambaye sasa alikuwa amekabidhiwa chuo kikuu akichunge.

Hadithi yenyewe ilianza miezi michache kabla. Likizo ya Aprili mwaka huo kaka alikuja nyumbani kwa siku chache akiwa na madaftari mapya na swali moja kwa Cucu, mama wa baba zetu. Alitaka kujua kilichotokea hapa mwaka 1954. Mhadhiri wake alikuwa amewaambia kwamba historia ya wakati wa hali ya hatari haiwezi kusomwa kwenye nyaraka za serikali peke yake, kwa kuwa aliyeziandika ndiye aliyekuwa na bunduki. Wakati huo mjadala kuhusu Mau Mau, waliopigana na mkoloni, ulikuwa moto vyuoni. Maina wa Kinyatti, mhadhiri wa historia Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambacho bado kilikuwa tawi la Nairobi, alikuwa amechapisha mwaka 1980 mkusanyiko wa nyimbo za wapiganaji wa msituni. Kwa wanafunzi kama kaka yangu, kitabu kile kilikuwa ruhusa. Kama nyimbo za wazee ni historia, basi jiko la Cucu lilikuwa maktaba, na sisi tulikuwa tumekaa ndani yake miaka yote tukiota moto tu.

Kaka aliuliza, Cucu akajibu kwa Kiembu, mimi nikaandika, kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka kuliko wake. Niliandika jinsi watu wa mwinuko wetu walivyong'olewa kwenye nyumba zao na kusongamanishwa katika kijiji kimoja chenye ua wa miti iliyochongwa. Niliandika juu ya handaki lililochimbwa kando ya msitu kwa mikono ya akina mama, kila mmoja akipimiwa kipande chake asubuhi, na mianzi yenye ncha iliyosimikwa ndani yake ili wapiganaji wasishuke kutafuta chakula. Niliandika juu ya kitabu cha pasi ambacho Mkikuyu, Mwembu na Mmeru walitakiwa kuwa nacho ili wavuke kutoka mahali hadi mahali. Niliandika juu ya babu, aliyekamatwa kwa sababu jina lake lilipatikana kwenye orodha ya waliokula kiapo, akapelekwa kambi za Mwea, kule ambako wafungwa walichimba mifereji ya mashamba ambayo sisi leo tunanunua mchele wake. Cucu alisimulia bila machozi, akichambua maharagwe. Pale alipofika kwenye wimbo aliimba, kisha akatuambia tusiuandike wote.

Hatukujua kwamba tulikuwa tukiandika jambo ambalo kisheria lilikuwa la hatari. Mkoloni alipiga Mau Mau marufuku mwaka 1950, na serikali huru haikuona haja ya kuifuta marufuku hiyo hadi mwaka 2003. Kwa miaka 40 ya uhuru, watu waliopigania ardhi hii walikuwa, kwenye vitabu vya sheria, wanachama wa chama haramu.

Mwezi wa Juni mambo yakageuka. Bunge lilibadilisha katiba na kuifanya Kenya nchi ya chama kimoja kwa sheria. Karibu na siku hizo hizo wahadhiri walianza kukamatwa mmoja baada ya mwingine: Alamin Mazrui, ambaye tamthilia yake Kilio cha Haki ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia, Willy Mutunga wa kitivo cha sheria, Edward Oyugi, Kamoji Wachiira, Mukaru Ng'ang'a. Hao waliwekwa kizuizini bila kufunguliwa kesi. Maina wa Kinyatti alifunguliwa kesi, ya kukutwa na karatasi ya uchochezi, na Oktoba akahukumiwa miaka 6. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekwisha kufungwa karibu mwaka 1978 mzima baada ya tamthilia yake ya Kikuyu kule Kamĩrĩĩthũ na ambaye hakurudishiwa kazi yake chuoni, alikuwa Uingereza, akashauriwa asirudi.

Sisi wasichana wa upande huu tuliguswa zaidi na jina moja. Micere Githae Mugo alizaliwa Baricho, Kirinyaga, sehemu iliyokuwa wilaya moja na Embu hadi mwaka wa uhuru. Alikuwa mkuu wa kitivo cha sanaa Nairobi, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho. Walimu wetu walizoea kututajia jina lake tulipolalamika kwamba masomo ni magumu: someni, kuna binti wa huku huku aliyefika pale. Mwaka huo alikimbilia uhamishoni, na baadaye akanyang'anywa uraia. Tuliporudi shuleni Septemba, hakuna mwalimu aliyemtaja tena, na hakuna aliyetueleza kwa nini. Aliishi ugenini hadi alipofariki Marekani mwaka 2023.

Tarehe mosi Agosti ilikuwa Jumapili. Tulikuwa tukijiandaa kwenda kanisani tuliposikia redioni sauti tuliyoizoea ya Leonard Mambo Mbotela ikitangaza kwamba serikali imepinduliwa. Ilikuja kujulikana kwamba wanajeshi wa anga walimlazimisha kusoma tangazo lile. Siku haikuisha kabla wanajeshi watiifu hawajaikomboa stesheni ya redio. Lakini asubuhi ile baadhi ya wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wametoka barabarani kushangilia, na gharama yake ikatozwa kila mwanafunzi, aliyeshangilia na aliyekuwa amelala. Chuo kilifungwa, kikakaa kimefungwa hadi Oktoba 1983. Kiongozi wa wanafunzi, Titus Adungosi, alihukumiwa miaka 10, akafia gerezani mwaka 1988.

Kaka alifika katikati ya wiki, usiku, akiwa amenyoa ndevu. Ndevu wakati ule zilikuwa na siasa zake: wabunge wachache waliothubutu kuikosoa serikali walikuwa wamebandikwa jina la wenye ndevu, na mwanafunzi mwenye ndevu alihesabiwa kuwa mkomunisti hata kama alikosa tu wembe. Alikuwa ametembea kutoka jijini hadi alipopata lori, na kwenye vizuizi vya barabarani kadi yake ya chuo ilikuwa ndani ya kiatu, chini ya soksi. Kadi ile ndiyo iliyokuwa fahari ya ukoo. Baba mkubwa aliuza ng'ombe ili ipatikane.

Usiku huo madaftari ya Aprili yalichomwa, na aliyeyachoma alikuwa Cucu mwenyewe. Kaka alipewa jina la babu, na kwa desturi yetu Cucu alimwita mume wangu.

"Mume wangu," akamwambia, "mwenzako wa kwanza alipelekwa Mwea kwa sababu jina lake liliandikwa mahali. Sitampeleka wa pili."

Kaka alijaribu kumweleza kwamba hakuna jina la mtu aliye hai katika madaftari yale. Cucu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akayasukuma kwenye mafiga chini ya sufuria. Vitabu viwili vya Ngũgĩ vilifungwa kwenye karatasi ya nailoni na kufukiwa shambani, kati ya mistari ya kahawa. Baba mkubwa alihesabu mashina ili asisahau mahali, na bado alisahau.

Basi ukaanza mwaka wa kutia sahihi. Nilipokuwa nyumbani nilimsindikiza, na nilipokuwa shuleni Meru alikwenda peke yake. Daftari lenyewe lilikuwa la kawaida, la shule ya msingi, lenye jedwali la kuzidisha mgongoni. Chifu aliliweka mezani pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

"Wewe mtu wa Nairobi, njoo," angesema.

"Ndiyo, Chifu."

"Wiki hii umefanya nini?"

"Nimechuma majani."

"Umeonana na nani?"

"Na watu wa kituo cha majani, Chifu."

Hivyo tu. Chifu hakuwa mtu mbaya, na hili ndilo lililonitatiza kwa muda mrefu. Alikuwa akimwogopa Bwana D.O., ofisa tawala aliyekuwa juu yake, kama sisi tulivyomwogopa yeye. Kila mwezi alitakiwa kupeleka ripoti ya hali ya usalama, kwa Kiingereza, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga. Kabla ya Krismasi ya mwaka ule alikuwa amekwisha kumwomba kaka amsaidie kuiandika. Kwa hiyo mwanafunzi aliyefukuzwa chuoni kama hatari kwa taifa ndiye aliyeketi katika ofisi ya chifu akiandika ripoti kuhusu watu hatari wa lokesheni, yeye mwenyewe akiwamo. Alijiandikia kwamba ana tabia njema na anajihusisha na kilimo. Tulicheka sana nyumbani. Lakini kaka aliniambia jambo ambalo lilinikaa: kwamba alipokuwa akiandika ripoti hizo alianza kujisoma jinsi serikali inavyomsoma, na kwamba kila sentensi aliyotaka kuiweka kwenye karatasi, hata barua ya kawaida, aliipitisha kwanza mbele ya D.O. aliyekuwa kichwani mwake.

Barazani tulisikia upande mwingine. Wazee walikaa nyasini, akina mama kando, vijana wa chama tawala cha KANU wamesimama nyuma na fimbo zao, na chifu akasema kwamba kuna watoto waliosoma hadi wakapotea, wanaokula kodi ya wakulima na kuwatukana viongozi. Wazee waliguna kukubali. Wengi wao walikuwa wamekatwa pesa za bonasi ya chai kujenga shule za harambee ili watoto wao wafike pale pale walipopotea hao. Katika miezi ile nilisikia kwa mara ya kwanza mzazi akisema kwamba kidato cha nne kinatosha. Ukitaka kujua madhara ya kufunga chuo kikuu, usihesabu mihadhara iliyokosekana tu. Hesabu na wazazi wa Embu na Meru walioanza kuona elimu ya juu kama njia ya kupoteza mtoto.

Nchi jirani zilikuwa zimeona makali zaidi. Makerere, Uganda, chini ya Idi Amin, Makamu wa Chansela, Frank Kalimuzo, alichukuliwa mwaka 1972 na hakuonekana tena. Kwetu damu ilimwagika pia, lakini kazi nyingi ilifanywa kwa karatasi. Rais ndiye aliyekuwa Chansela wa vyuo vikuu vyote vya umma, na makamu wa chansela aliteuliwa naye. Mhadhiri aliyetaka kusafiri kwenda kwenye mkutano nje ya nchi alihitaji idhini ya serikali. Chama cha wafanyakazi wa chuo kilifutwa mwaka 1980, na wahadhiri walikuja kupata chama kilichosajiliwa mwaka 2003. Daftari la chifu lilikuwa ukurasa wa chini kabisa wa makaratasi hayo.

Upande wa Meru, shuleni, hakukuwa na daftari la kutia sahihi, na hakukuwa na haja yake. Kila muhula nilivuka mto Thuci, nikapita Chuka na madaraja yale ya kutisha hadi Imenti, nikaingia katika shule ambayo kila kitu kilikwenda kwa kengele. Tulikula kiapo cha utiifu kwa rais na taifa tukiwa tumesimama paredi. Maktaba ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya karatasi za zamani, na muhula wa tatu wa 1982 tulikuta rafu ya fasihi ya Kiafrika imepungua. Aliyeipunguza hakujulikana. Huenda hakuna aliyeamriwa. Katika miaka ile watu walitii amri kabla haijatolewa.

Somo la historia ndilo ninalolikumbuka zaidi. Mwalimu wetu alikuwa kijana hodari, aliyejua kuchora ramani ubaoni bila kutazama kitabu. Siku moja, tulipofika kwenye sura ya kudai uhuru, msichana mmoja wa Imenti alinyoosha mkono. Aliuliza juu ya Baimungi.

Kila Mmeru alijua jina hilo, ila halikuwa kwenye kitabu. Baimungi M'Marete na Musa Mwariama walikuwa majenerali wa msitu wa upande wa Meru. Uhuru ulipofika mwaka 1963 walitoka msituni na wapiganaji wao wakiwa bado na silaha na nywele zao. Mwariama alitulia, akaishi hadi 1989. Baimungi hakuridhika. Waliahidiwa ardhi, hawakuiona, naye akarudi msituni, na mapema mwaka 1965 akauawa na vikosi vya serikali ya Kenya huru. Swali la msichana lilikuwa rahisi: mtu aliyepigwa risasi na Mwingereza ni shujaa, je, aliyepigana na Mwingereza kisha akapigwa risasi na Kenya tumwite nani?

Mwalimu alitazama mlango. Kisha akasema, "Hilo halimo kwenye silabasi," akafuta ubao ingawa kipindi kilikuwa hakijaisha. Hakumkaripia. Jioni yake alimwita kando ya bwalo na kumwambia, kwa upole kama mzazi, asiulize tena jambo hilo mbele ya watu, kwa ajili yake na kwa ajili ya wazazi wake. Msichana alitusimulia bwenini. Tulichojifunza siku ile hakikuwa kwenye mtihani wowote, lakini tulikifaulu wote.

Septemba 1984, nikiwa kidato cha nne, Rais Moi alirudi kutoka Addis Ababa akawataka mawaziri na watu wengine wote waimbe kama kasuku wimbo anaouimba yeye, kama yeye alivyouimba wa Kenyatta. Magazeti yalichapisha. Mwalimu wetu wa Kiswahili alisoma habari hiyo darasani kwa sauti, polepole, bila kuongeza neno, kisha akatuambia tuandike insha juu ya ndege yeyote tunayemjua. Nafikiri hiyo ndiyo ilikuwa insha ya uhuru kuliko zote nilizoandika shuleni. Nusu ya darasa waliandika juu ya kunguru.

Chuo kilipofunguliwa Oktoba 1983, kaka alirudi. Mwaka wa mwisho alitakiwa kuandika utafiti wake, na nilimuuliza kama angerudi kwa Cucu na madaftari mapya. Alisema ameshachagua mada: biashara ya masafa marefu ya Wakamba katika karne ya 19. Ni mada nzuri, na aliandika vizuri. Ila wahusika wake wote walikuwa wamekufa zamani, na hakuna D.O. angeweza kuwatafuta. Alihitimu, akaajiriwa na serikali, akalea familia yake. Cucu alifariki mwaka 1988, mwaka ule ule Maina wa Kinyatti alipotoka gerezani. Hakuna mtu mwingine aliyemuuliza juu ya handaki. Mimi nilikumbuka vipande, lakini wimbo ule sikuushika, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kushika mambo kwa kuyaandika.

Nikaingia ualimu, nikarudi Embu kufundisha historia. Mwaka 1990 woga wetu ulianza kupata nyufa. Jarida la Nairobi Law Monthly la Gitobu Imanyara, mwana wa Meru, lilitufikia kwa nakala za fotokopi zilizofichwa ndani ya magazeti ya kawaida, likasomwa katika chumba cha walimu kwa zamu. Julai hiyo Imanyara alikamatwa. Mwezi huo huo walikamatwa kwenye baa moja ya Dagoretti watu wanne waliokuwa wameketi wakizungumza: mwanasiasa George Anyona; Profesa Edward Oyugi, aliyekwisha kuonja kizuizi mwaka 1982; Ngotho Kariuki, aliyekuwa mkuu wa kitivo cha biashara Nairobi; na Njeru Kathangu, mtu wa Embu. Mwaka 1991 walihukumiwa miaka 7 kila mmoja kwa uchochezi. Walitoka mwaka 1992, na Desemba hiyo, katika uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi kurudishwa, watu wa Runyenjes walimpeleka Kathangu bungeni. Wazee wale wale waliokuwa wakiguna barazani walipiga kura. Walikuwa na maoni yao miaka yote. Walichokosa ni mahali pa kuyasemea bila daftari kufunguliwa.

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo, uhuru umekuja, mambo yamekwisha. Lakini hasara ya miaka ile ilinijia waziwazi baadaye, mwaka 2013. Mwezi wa Juni Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari pauni milioni 19.9, baada ya kesi iliyosikizwa London. Nilifuatilia kesi ile kama mtu anayefuatilia kesi ya nyanya yake. Wazee waliotoa ushahidi walikuwa wa rika la Cucu, na mawakili na wanaharakati wa Kenya walifanya kazi kubwa kuwakusanya. Lakini wanahistoria walioitwa kuieleza mahakama jinsi kambi zilivyoendeshwa walikuwa David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett. Vitabu viwili vikubwa juu ya jambo hilo vilitoka mwaka 2005, kimoja cha mwalimu wa Oxford na kingine cha mwalimu wa Harvard. Sina kinyongo nao. Elkins alizunguka vijijini akiuliza, jambo ambalo kaka yangu alilianza jikoni kwa Cucu miaka mingi kabla.

Wakenya walioendelea kuandika chini ya kivuli kile wapo, na tuwaheshimu. Tabitha Kanogo alichapisha mwaka 1987 kitabu chake juu ya maskwota na chanzo cha Mau Mau. Kithaka wa Mberia, mwana wa Tharaka, alikuja kuandika Kifo Kisimani, tamthilia ya mtawala dhalimu ambayo wanafunzi wetu wameisoma kwa mtihani. Lakini kwa kila mmoja wao, kulikuwa na wangapi waliochagua mada ambayo wahusika wake wamekufa? Serikali iliyotaka kuwanyamazisha wahadhiri wachache ilifaulu kufanya jambo kubwa kuliko hilo: ilihakikisha kwamba siku tutakapohitaji mashahidi wa maisha yetu wenyewe, tutawasubiri wafike kwa ndege. Hao wa ng'ambo walikuwa na haki ya kuuliza popote. Sisi tuliokuwa na lugha, na nyanya zenyewe, ndio tuliokatazwa.

Leo miinuko ile ya kutoka Embu hadi Meru ina vyuo vikuu vitatu vya umma. Meru, Chuka na Embu vimepata hati zao kati ya 2013 na 2016, na Ibara ya 33 ya katiba ya 2010 inataja kwa jina uhuru wa taaluma na wa utafiti wa kisayansi. Mkuu wa nchi si Chansela wa kila chuo tena. Haya ni mabadiliko makubwa, na mtu aliyekaa kwenye benchi ile hawezi kuyadharau. Hata hivyo, tarehe 27 Februari 2018, Evans Njoroge, katibu mkuu wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, alipigwa risasi na polisi akafa, karibu na chuo chake huko Nchiru, siku ya maandamano ya kupinga karo na huduma mbovu. Hakuandika kitabu cha uchochezi. Alidai hesabu. Nilisikia habari hiyo redioni nikiwa nimestaafu, na wazazi wawili wa jirani wakasema palepale, mbele yangu, kwamba mtoto wao akifika chuo asijiingize katika mambo ya uongozi. Sentensi hiyo niliijua. Ilikuwa ya mwaka 1982, imevaa nguo mpya tu.

Vijana wa vyuo hivyo hunijia mara kwa mara, hasa wa historia na Kiswahili, wakitaka mada. Nawaambia mtu aliyekuwa na miaka 20 wakati wa handaki amevuka 90, kwa hiyo waanze na hao wiki hii, kabla ya kusoma nadharia yoyote. Waulizeni ni kijiji gani kilichimba kipande kipi. Waulizeni nani alirudi kutoka Mwea na nani hakurudi. Mkiwa Meru, ulizeni yule msichana wa Imenti alilouliza, na msikubali kuambiwa kwamba halimo kwenye silabasi. Waacheni waseme kwa Kiembu na Kimeru, na wakiimba, rekodini wimbo mzima kama wameridhia. Mkishamaliza, wekeni nakala maktaba ya chuo, nakala nyingine kwa mwenye hadithi, na ya tatu mbali kabisa na hapa. Zisikae nyumba moja.